Utulivu wa Mtu Aliyebanwa: Hotuba kwa Vijana Kuhusu Swaga

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wazazi, na ninyi vijana mliojaza ukumbi huu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo watu wazima hulipita haraka, kana kwamba ni mchezo wa kitoto: kwa nini mtu fulani akiingia mahali macho yote humfuata, hata kabla hajafungua kinywa. Vijana humwita mkali, mjanja, mtu mwenye swaga. Waliotutangulia walikuwa na majina yao, na watakaokuja watakuja na yao. Mimi silioni kuwa jambo dogo. Kwa ajili yake watu hubadili mwendo, sauti na marafiki, na wengine huingia katika uraibu unaowamaliza. Jambo linaloweza kumfanya mtoto wa miaka 13 aone haya kujibu swali analolijua vizuri darasani, hilo ni zito, na linastahili kuchunguzwa.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Swaga huzaliwa pale mtu anapokuwa na kila sababu ya kutetemeka au kulipuka kwa hasira, naye akabaki mtulivu na kuamua mwenyewe atakachofanya. Baadaye huja wafanyabiashara. Huchukua miwani yake, kofia yake na mwendo wake, wakatuuzia sisi ambao hatujabanwa na lolote. Tukishavaa wote, alama ile huisha nguvu, na msako wa nyingine huanza. Ndiyo maana swaga ya jana ni kichekesho leo. Kinachobadilika ni vazi, na kilichokuwa ndani ya vazi mara nyingi hatukukichukua kabisa.

Mfikirieni Lester Young, mpiga saksafoni aliyezaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1909. Ninyi mmeshaona picha za wanamuziki waliovaa miwani nyeusi jukwaani, usiku, ndani ya ukumbi usio na jua. Young alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufanya hivyo. Alivaa kofia bapa yenye ukingo mfupi, akashika saksafoni yake upande upande, na wakati wenzake wakipuliza kwa nguvu ili kushindana, yeye alipiga kwa ulaini, akiacha nafasi kati ya noti na noti. Aliongea kwa mafumbo aliyoyabuni mwenyewe. Wanahistoria wengi wa muziki wa jazz wanamtaja yeye wanapoulizwa mtindo huu wa utulivu ulianzia wapi.

Lakini miwani ile ilikuwa ya nini? Mtu mweusi aliyesimama mbele ya wazungu katika Marekani ya miaka ile alitazamiwa kufanya mambo mawili: acheke ili awafurahishe, na asioneshe hasira hata akitukanwa. Akikasirika hadharani, angeweza kupigwa, kufungwa, hata kuuawa, na muuaji asiguswe na sheria. Kutabasamu wakati wote nako kulikuwa ni kujidhalilisha. Young akapata njia ya tatu. Hakucheka kwa kuamriwa, na hasira yake hakumpa mtu. Uso wake ukawa mali yake. Mwaka 1944 aliingizwa jeshini, na mwanzoni mwa 1945 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la dawa za kulevya. Waliomjua walisema kipindi kile kilimjeruhi mpaka mwisho. Alifariki New York mwaka 1959, akiwa na miaka 49, mwili umechoshwa na pombe. Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu picha yake inauzwa bila maumivu yake.

Mwaka huohuo wa 1959, mwezi wa Agosti, mwanamuziki mwingine alikuwa kwenye kilele cha sifa: Miles Davis. Huyu hakutabasamu ovyo jukwaani, na mara nyingi aliwapa wasikilizaji mgongo akiwatazama wenzake wa bendi. Wiki moja tu baada ya kutoka kwa albamu yake ambayo hadi leo imo miongoni mwa albamu za jazz zilizouzwa zaidi duniani, alitoka nje ya klabu ya Birdland, New York, wakati wa mapumziko, kupata hewa. Askari polisi akamwamuru aondoke pale. Davis akamjibu kwamba anafanya kazi humo ndani, akamwonesha jina lake lililoandikwa pale nje. Mambo yakaishia kwa yeye kupigwa rungu kichwani na kupelekwa kituoni, koti lake limelowa damu. Fikirini hilo. Mtu ambaye dunia nzima ilimwona kuwa ndiye kipimo cha swaga hakuwa na uhakika wa kusimama mbele ya mlango wenye jina lake. Ule utulivu wake aliuhitaji kama chakula.

Mizizi ya utulivu huu ni mirefu kuliko Marekani. Mwaka 1973 Robert Farris Thompson, mwanahistoria wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika juu ya jamii za Afrika Magharibi, hasa Wayoruba, ambao kwao utulivu wa uso na wa tabia ni sifa kuu ya mtu aliyekamilika. Wanauita itutu. Tazameni vichwa vya shaba vya Ife, mji wa Wayoruba ulio Nigeria ya leo, vilivyotengenezwa kabla Mzungu hajafika pwani ile: midomo imetulia, macho hayana papara. Kilichonigusa zaidi katika maelezo ya Thompson ni kwamba utulivu huo ulikwenda pamoja na ukarimu na uadilifu. Aliyetulia alikuwa na nafasi moyoni ya kumpokea mwenzake. Hiki ndicho kipande kilichopotea njiani, na nitakirudia.

Ulaya nako walikuwa na sura yao ya jambo hili. Baldassare Castiglione, katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1528, aliwashauri watu wa ikulu wafanye kila jambo gumu kana kwamba halikuwagharimu jasho. London ilimpata George Brummell, aliyetumia saa nyingi kujivika ili aonekane hakujishughulisha, mpaka wana wa wafalme wakamwiga. Alikimbilia Ufaransa mwaka 1816 kwa madeni, akafia huko 1840, fukara na akili zimemtoka. Mtindo wake haukuwa na moto wowote uliouzaa, ulikuwa pambo tupu. Sina mengi ya kusema juu yake.

Nataka kukaa zaidi Nashville, Tennessee. Mwaka 1959 mchungaji mmoja kijana, James Lawson, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa vyuo jinsi ya kupinga ubaguzi bila kurusha ngumi. Mafunzo yalifanyika kanisani. Baadhi ya wanafunzi walijifanya wabaguzi: wakawatukana wenzao, wakawasukuma kutoka kwenye viti, wakawapulizia moshi wa sigara usoni. Wale wengine kazi yao ilikuwa kukaa. Walijifunza kulinda kichwa wakianguka, kumtazama machoni anayekupiga, kurudi kitini. Februari 1960 wakaenda kwenye kaunta za chakula za madukani, ambako mtu mweusi aliruhusiwa kununua bidhaa na kukatazwa kukaa kula. Wakakaa. Wakapigwa, na sigara zinazowaka zikazimwa kwenye miili yao, na polisi wakawakamata wao badala ya waliowapiga.

Miongoni mwao alikuwa binti anaitwa Diane Nash. Alikuwa na miaka 21. Tarehe 19 Aprili 1960, alfajiri, bomu lilitupwa nyumbani kwa wakili wao. Siku hiyohiyo maelfu waliandamana kimya mpaka ofisi za jiji, na Nash akasimama kwenye ngazi mbele ya meya, Ben West. Hakupaza sauti. Alimuuliza swali moja la wazi: je, anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake? Meya, mbele ya umati wote ule, akakiri kwamba si haki. Wiki tatu baadaye kaunta zile zilianza kuwahudumia watu weusi.

Ukinitaka nikuoneshe mtu mwenye swaga, sitakuonesha mwenye miwani. Nitakuonesha binti yule kwenye zile ngazi. Na hapa niseme jambo linaloniuma. Tukitaja majina ya watu wa aina hii, tunataja wanaume. Mwanamume akinyamaza, tunasema ana haiba. Mwanamke akinyamaza vilevile, tunasema anaringa. Akikataa kutabasamu, tunamuuliza ana shida gani. Kipimo chenyewe tulikichonga kwa umbo la mwanamume, kisha tukashangaa wanawake hawakienei. Mabinti mlio hapa, mkiona mnadaiwa tabasamu ambalo kaka zenu hawadaiwi, mjue hamkosei kuona hivyo.

Sasa tuje kwenye soko. Ushahidi wangu mkubwa ni sigara, kwa kuwa hakuna bidhaa iliyovaa swaga kwa ustadi kama hiyo, wala iliyozika wengi kama hiyo. Miaka ya 1920 mwanamke wa Marekani aliyevuta sigara hadharani alionekana kahaba. Hiyo ilikuwa dharau, na wanawake walikuwa na haki ya kuichukia, maana haki ya kupiga kura kwa nchi nzima walikuwa wameipata juzi tu, mwaka 1920. Mtaalamu wa propaganda, Edward Bernays, aliyelipwa na kampuni ya tumbaku, akaliona lile joto. Sikukuu ya Pasaka ya 1929, katika matembezi ya New York, alipanga wasichana wawashe sigara mbele ya wapiga picha, na sigara hizo zikapewa jina la mienge ya uhuru. Magazeti yakabeba habari kana kwamba ni jambo lililojitokeza lenyewe.

Angalieni ufundi wa kitendo kile. Madai yalikuwa ya kweli, na ujasiri wa wasichana wale ulikuwa wa kweli. Bidhaa ikapandishwa juu ya mgongo wa ujasiri huo. Mwanamke aliahidiwa uhuru, akakabidhiwa utumwa wa nikotini. Kwa wanaume hadithi ilikuwa ileile kwa picha tofauti: mchunga ng'ombe peke yake jangwani, mwigizaji mwenye koti la ngozi, sigara pembeni ya mdomo. Mwaka 1965 takriban watu wazima 42 kati ya kila 100 nchini Marekani walikuwa wavutaji. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla, 1964, ikieleza wazi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Matangazo yake yakaondolewa kwenye redio na televisheni mwanzoni mwa 1971. Kufikia 2022 wavutaji walikuwa wamebaki takriban 12 kwa kila 100.

Ninachotaka mkione ni jinsi maana ilivyogeuka. Moshi uleule, kidole kilekile, na bado mtazamaji wa leo anamwona mvutaji kama mtu aliyeshikwa na kitu kisichomwachia. Swaga ilimtoka siku watu walipotambua kwamba hajitawali. Na wauzaji hawakulala. Waliibadili nikotini umbo, wakaitia ladha za matunda na kuifunga kwenye vifaa vinavyong'aa kama simu, wakaipeleka kwa watoto ambao babu zao ndio waliovuta. Mkiona kijana amejificha chooni na kifaa kile, mnatazama hila ya mwaka 1929 ikirudiwa.

Si kila kilichouzwa ni sumu. Suruali za jinzi zilipata hataza yake, yaani ulinzi wa kisheria wa ubunifu, mwaka 1873 kwa ajili ya vibarua na wachimba madini, na karibu na miaka ya 1950 shule kadhaa za Marekani zilizipiga marufuku kwa kuona zinanuka uasi. Leo mkuu wa shule huzivaa mwisho wa wiki. Viatu vya Hush Puppies vilikuwa karibu kuachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka vijana wachache wa Manhattan, New York, wakaanza kuvivaa kwa sababu tu hakuna mwingine aliyevivaa. Mauzo yakapaa hadi mamia ya maelfu ya jozi kwa mwaka, na bila shaka wale vijana wa kwanza wakahama. Kampuni zikaliona hilo, zikaajiri watu wa kuzurura mitaani na kamera, kazi yao kunusa nini vijana wanavaa kabla hata wenyewe hawajajua. Matokeo yakawa ni mbio. Kadiri kampuni zinavyokiwahi kitu, ndivyo kinavyochakaa upesi. Simu zimezidisha kasi hiyo mara nyingi: msemo unaozaliwa leo asubuhi kwa kundi la marafiki, kesho kutwa unatumiwa na benki kwenye tangazo la mikopo.

Watafiti nao wamelichunguza jambo hili, na kuna majaribio mawili matatu yanayostahili kuwafikia. Caleb Warren na Margaret Campbell waliandika mwaka 2014 kuhusu watu na bidhaa zinazovunja kanuni. Walikuta kwamba kuvunja kanuni humwongezea mtu swaga pale tu kanuni ile inapoonekana ya uonevu au isiyo na maana. Kanuni yenye sababu ya haki ikivunjwa, mvunjaji huonekana mtovu wa adabu tu. Tena uasi ukipita kiasi, mvuto hupungua. Kwa hiyo anayemtukana mwalimu anayefundisha vizuri hana alichopata, na darasa linajua hivyo hata likicheka.

Mwaka huohuo Joseph Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 184 tangu wakiwa na miaka 13 hadi 23. Walitazama wale waliokimbilia mambo ya watu wazima mapema: mapenzi, uhuni mdogo mdogo, kuchagua marafiki kwa sura. Wakiwa na miaka 13 walikuwa juu. Baada ya miaka michache wenzao hawakuvutiwa nao tena. Walipofika 23 walikuwa na matatizo zaidi ya pombe na dawa, makosa zaidi mbele ya sheria, na ugumu zaidi wa kudumisha uhusiano na watu. Allen alieleza kwamba walihitaji kuongeza dozi ya ujasiri kila mwaka ili waonekane wapo juu, wakati wenzao walikuwa wakijifunza namna ya kuwa marafiki. Wazazi, nawaombeni msiitumie habari hii kuwatisha watoto. Mtoto wa miaka 13 anayefanya hivyo anatafuta mahali pa kukubalika. Mpeni mahali hapo kabla hamjamhubiria.

Utafiti wa hivi karibuni zaidi ulitoka mwaka 2025, kazi ya Todd Pezzuti, Caleb Warren na Jinjie Chen. Waliwauliza watu karibu 6,000 katika nchi 12, zikiwemo Nigeria, Afrika Kusini, India, China, Mexico na Ujerumani, wengine wamfikirie mtu mwenye swaga na wengine mtu mwema, kisha wamweleze. Majibu yalifanana kuliko ilivyotazamiwa. Mwenye swaga alionekana mchangamfu, mpenda raha, mwenye nguvu juu ya wengine, mthubutu, mwenye akili iliyo wazi, anayejiamulia. Mtu mwema alionekana mtulivu, mwenye joto la upendo, makini, mshika mila, anayewajali watu wote.

Mmesikia? Utulivu umehamia upande wa pili. Sifa iliyokuwa moyo wa Lester Young, iliyokuwa uso wa vichwa vya Ife, sasa watu wa mataifa 12 wanaiweka kwa mtu mwema, na mwenye swaga wamemwachia nguvu na raha. Naliona badiliko hili kuwa kubwa, na silifurahii. Aliyebanwa alihitaji utulivu. Aliyekwishapanda juu hauhitaji, anahitaji watazamaji. Swaga ilipohama kutoka kwa wanyonge kwenda kwa wenye jukwaa, ukarimu ndio ulioangushwa kwanza.

Jambo hili lina athari nje ya shule. Tukizoea kumtazama mwenye nguvu na raha kama mtu wa kufuatwa, tutampa uongozi, fedha na hata utii kwa sababu anapendeza kumtazama. Mnapochagua kiranja au mwenyekiti wa kikundi, na mtakapochagua wabunge, jaribuni kuorodhesha kwa maandishi ni yapi mgombea amefanya alipokuwa amebanwa: alipotukanwa, aliposhindwa, alipokuwa na nafasi ya kumnyanyasa mtu. Msiandike alivyovaa wala alivyoingia ukumbini. Walimu, zoezi hilo lingefaa kwa somo la uraia, na ninyi mna uwezo wa kulianza muhula huu.

Na kwa yule mtoto anayejua jibu na kunyamaza, naongea naye moja kwa moja. Kanuni inayokukataza kunyosha mkono haikuwekwa na mwalimu wala mzazi. Iliwekwa na watoto wanne waliokaa nyuma. Haina haki wala maana, kwa hiyo ni miongoni mwa zile ambazo kwa mujibu wa Warren na Campbell zinampa mvuto anayezivunja. Utacheka kimoyomoyo siku utakapogundua kwamba nusu ya darasa ilikuwa ikisubiri mtu wa kwanza.

Muda uliobaki ni wa maswali. Ningependa tuanze na yeyote asiyekubaliana nami kuhusu huo utafiti wa 2025, maana nchi 12 si dunia nzima na hapa tupo wengi. Pitisheni kipaza sauti kianzie safu za nyuma.